Mjadala: Utafiti utoke maabara lini, ukikamilika au ukishaonyesha dalili?

Mleta mada

Wakuu, jambo hili limenikaa kooni muda mrefu, naomba tulijadili bila matusi.

Watafiti wa seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine), wa mifumo ya kupiga kura na wa kilimo endelevu wana wimbo mmoja: "bado kidogo". Mtafiti wa Kijapani Shinya Yamanaka alionyesha mwaka 2006 kwamba seli ya kawaida ya panya inaweza kurudishwa nyuma ikawa kama seli shina. Mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli za binadamu, na mwaka 2012 akapewa Tuzo ya Nobel. Aliyeumia uti wa mgongo wakati ule bado yuko kwenye kiti cha magurudumu. Mpunga wa dhahabu, ule uliobadilishwa vinasaba ili mchele wake uusaidie mwili kupata vitamini A, ulitangazwa mwaka 2000. Ufilipino iliruhusu ulimwe mwaka 2021, na mwaka 2024 mahakama ikaufungia tena. Mtoto aliyepofuka katikati ya miaka hiyo kwa kukosa vitamini A hayumo kwenye jedwali la mtafiti yeyote.

Hoja yangu: utafiti tumizi ukishaonyesha dalili njema, watu waruhusiwe kuutumia kwa hiari yao huku uchunguzi ukiendelea. Kusubiri nako kunaua, ila kunaua kimyakimya. Anayepinga aje na sababu.

Mwanamaabara

Napinga, na naanza na historia uliyoiruka.

Tiba ya seli shina si kitu cha juzi. Upandikizaji wa uloto wa mifupa ni tiba ya seli shina, na ndiyo iliyotangulia nyingine zote. Mwaka 1957 daktari Mmarekani E. Donnall Thomas na wenzake walichapisha taarifa ya wagonjwa sita waliopewa mionzi kisha wakawekewa uloto wa watu wengine. Hakuna aliyefikisha siku 100. Wengine wakaiga kwingineko, matokeo yakawa mabaya kiasi kwamba madaktari wengi waliachana kabisa na wazo hilo. Thomas hakuliacha, lakini hakuendelea kubahatisha kwa watu. Alirudi kwa mbwa. Miaka kadhaa ya mbwa! Kulinganisha tishu za mtoaji na mpokeaji, kutafuta dawa za kuzuia mwili usikatae au uloto wenyewe usimshambulie mwenye mwili. Ndipo miaka ya mwisho ya 1960 aliporudi kwa binadamu, na safari hii wagonjwa wakaanza kupona. Nobel yake ni ya mwaka 1990.

Nataka ulione hili vizuri. Wazo la mwaka 1957 lilikuwa sahihi. Wale wagonjwa walipewa kitu cha kweli, ila hakuna aliyejua bado namna ya kukitumia. "Dalili njema" walikuwa nazo: wawili kati ya sita, uloto ulionekana kushika kwa muda. Kwa kipimo chako, mkuu, hiyo ingetosha kuufungulia umma mlango.

Kisha kuna daktari mpasuaji Paolo Macchiarini. Kuanzia mwaka 2011, Sweden, aliwawekea watu koromeo la plastiki lililopakwa seli za mgonjwa mwenyewe, kwa madai kwamba seli zingeligeuza kuwa kiungo hai. Watatu aliowapasua pale wote walifariki. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ilimhukumu kifungo cha miaka miwili na nusu.

Mbishi

Macchiarini alikuwa mwongo. Mwongo hatumiki kama mfano dhidi ya mwenye haraka. Ni kama kupiga marufuku visu kwa sababu jambazi alitumia kisu.

Mbona hukutaja ngozi? Mtafiti Howard Green alifaulu kukuza seli za ngozi ya binadamu maabara mwaka 1975. Mwaka 1983 waliletwa ndugu wawili, watoto wa miaka mitano na sita, miili yao imeungua zaidi ya asilimia 95. Hapakuwa na majaribio ya awamu tatu wala kundi la kulinganisha. Madaktari walichukua vipande vidogo vya ngozi iliyobaki kwapani na kwingine, seli zikakuzwa kwa wiki kadhaa, ngozi ikapandikizwa, watoto wakaishi. Na mwaka 2015 huko Bochum, Ujerumani, mtoto wa miaka saba mwenye ugonjwa wa kurithi unaobambua ngozi alipandikizwa ngozi mpya iliyokuzwa kutoka kwenye seli zake zilizorekebishwa jeni. Takriban asilimia 80 ya ngozi ya mwili mzima. Madaktari walikuwa wameishiwa kila kitu kingine. Mngewaambia wazazi wasubiri?

Mwanamaabara

Hapana, nisingewaambia. Lakini tazama tofauti. Ngozi ikigoma, unaiona inagoma kesho yake asubuhi, unaibandua. Seli ukiidunga ndani ya jicho au uti wa mgongo huwezi kuifuata kuitoa. Na wale watoto wangekufa ndani ya siku chache bila ile ngozi, kwa hiyo upande wa pili wa mizani ulikuwa tupu. Mtu mwenye goti bovu hayuko hapo.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Umetaja goti, ndugu yangu, umenigusa.

Shemeji yangu alidungwa "seli shina" kwenye goti. Kliniki siitaji. Walimtoa mafuta tumboni, wakayachuja, wakamrudishia gotini siku hiyohiyo. Alisaini karatasi yenye neno "utafiti" kila ukurasa, akafurahi, akidhani anachangia sayansi. Nikamuuliza: walikupa tarehe ya kurudi kupimwa? Hawakumpa. Wamewahi kukupigia simu? Hawajawahi. Goti lilipoa miezi minne, mitano hivi, halafu maumivu yakarudi, pengine yamezidi.

Mimi simlaumu kwa kujaribu. Ninachouliza ni kwamba ule ulikuwa utafiti wa nani, kama jibu lake hakuna anayelitaka? Kliniki ikiwadunga elfu moja na isimuulize hata mmoja amefikia wapi, itabaki inajua kilekile ilichokijua siku ya kwanza. Wanaojisikia nafuu watarudi kutoa ushuhuda. Wengine watakaa nyumbani na maumivu yao.

Na goti ni bahati. Huko Florida wanawake watatu walidungwa seli za mafuta yao wenyewe machoni mwaka 2015, macho yote mawili siku moja. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 2017 katika jarida la tiba. Walipoteza uwezo wa kuona, mmoja kabisa, wengine karibu kabisa. Daktari yeyote wa macho angeanza na jicho moja. Kuna waliokwenda wakiamini wanaingia kwenye jaribio la kitabibu, kwa kuwa lilikuwa limeorodheshwa kwenye rejista ya serikali ya majaribio. Sasa hiyo hiari ya mleta mada, mtu anaitoaje kama hajui anachokubali ni nini?

Mhesabu Kura

Mleta mada alitaja mifumo ya kura kwa nusu mstari kisha akakimbilia hospitali. Niirudishe, maana huko ndiko neno lake "kwa hiari yao" linapokosa pa kusimama. Mgonjwa anaweza kukubali sindano peke yake. Namna ya kuhesabu kura hakuna anayeikubali peke yake. Ikibadilishwa, aliyekataa naye anahesabiwa kwa mtindo uleule.

Ila kwanza nimpe haki yake. Kwenye kura hakuna "kukamilika". Mchumi Kenneth Arrow alithibitisha mwaka 1951 kwamba wagombea wakiwa watatu au zaidi, hakuna njia ya kujumlisha mapendeleo ya wapiga kura itakayotimiza kwa pamoja masharti machache ambayo sote tungeyaona ya haki. Alionyesha kwa hesabu kwamba njia hiyo haiwezekani, sasa na siku zote. Kwa hiyo anayengoja mfumo usio na kasoro ndipo abadilishe, atazeeka akingoja.

Chukua jimbo la Alaska, Marekani. Mwaka 2020 wapiga kura waliidhinisha utaratibu wa kuwapanga wagombea: wa kwanza, wa pili, wa tatu; wa mwisho anatolewa, kura zake zinahamia kwa chaguo linalofuata. Agosti 2022, katika uchaguzi mdogo wa kiti cha bunge la shirikisho, mgombea Begich alishika nafasi ya tatu akatolewa, na Peltola akamshinda Palin. Lakini kura zenyewe, zilipochambuliwa baadaye, zilionyesha kwamba Begich angeshindana ana kwa ana na yeyote kati ya hao wawili, angeshinda. Aliyekubalika kwa wengi ndiye aliyetolewa mapema. Hiyo si hitilafu ya mashine wala wizi. Ni tabia ya mfumo, na wanahisabati waliijua tangu zamani. Mwaka 2024 watu waliulizwa kama waufute; ukapona kwa kura mia saba na ushei tu.

Je, Alaska walikosea kuanza mapema? Kwangu mimi hapana. Walikuwa na kura za mapendeleo zilizochapishwa, kila mtu akaweza kuchambua, na baadaye wakaulizwa tena. New Zealand vivyo hivyo: walichagua uwakilishi wa uwiano kwa kura ya maoni mwaka 1993, wakautumia mara ya kwanza mwaka 1996, na mwaka 2011 wakaulizwa kama bado wanautaka. Wakasema ndiyo.

Ninachoogopa ni pale mlango wa kurudi unapofungwa, na kwenye siasa una kawaida ya kujifunga wenyewe, maana anayepaswa kubadilisha mfumo ni yuleyule uliompa ushindi. Kwenye tiba angalau seli haina kura bungeni.

Mbishi

Na kura za intaneti? Estonia wanapiga tangu mwaka 2005. Mwaka 2023 zaidi ya nusu ya kura za bunge zilipigwa mtandaoni. Wangesikiliza waoga wangekuwa bado wanatafuta kalamu.

Mhesabu Kura

Estonia umechagua vizuri kuliko ulivyodhani, kwa sababu waliweka njia ya kurudi. Mpiga kura wa mtandaoni anaweza kupiga tena, na tena, au kwenda kituoni na karatasi, na kura ya karatasi ndiyo inayotawala. Kama mtu alikusimamia nyumbani ukapiga anavyotaka, unaifuta kesho. Mwaka 2013 wakaongeza uwezo wa kuhakiki kwa simu kwamba kura yako imefika kama ulivyoipiga. Hata hivyo mwaka 2014 kikundi cha watafiti huru waliouchunguza mfumo walishauri usitumike.

Lakini nipendacho zaidi ni kisa cha Washington, D.C., mwaka 2010. Maafisa walijenga mfumo wa kura za mtandaoni kwa wapiga kura walio nje ya nchi. Kabla ya uchaguzi wakatangaza: karibuni mjaribu kuuvunja. Timu ya Chuo Kikuu cha Michigan iliingia ndani ya saa 48, ikabadilisha kura zote, ikapenya hadi kwenye kamera za ulinzi. Maafisa hawakugundua kitu karibu siku mbili za kazi, mpaka watu walipouliza kwa nini ukishapiga kura unasikia wimbo wa michezo wa chuo kile. (Wale vijana walikuwa na ucheshi wao.) Upokeaji wa kura kwa mfumo ule ukasitishwa, hakuna kura halisi iliyopotea.

Hiyo ndiyo "kutoa mapema" ninayoiunga mkono. Umetoa mapema kwa maadui zako, kwa kura za kuigiza. Uswisi nao walifungua msimbo wa mfumo wao wa kura za mtandaoni mwaka 2019, watafiti wakakuta kasoro kwenye sehemu ileile iliyopaswa kuthibitisha kwamba hesabu haijachezewa. Ujerumani ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2009 Mahakama ya Katiba ilisema mwananchi wa kawaida lazima aweze kukagua hatua muhimu za kura bila kuwa mtaalamu. Mashine zilizokuwa zikitumika hazikutimiza sharti hilo.

Bwana Shamba

Nimesoma kimya, sasa niseme ya kwetu shambani.

Sri Lanka mwaka 2021. Rais Gotabaya Rajapaksa aliingia madarakani na ahadi ya kuhamia kilimo hai kwa miaka kumi. Kisha ghafla, Aprili na Mei 2021, uingizaji wa mbolea za viwandani ukapigwa marufuku nchi nzima, kwa mkupuo. Kufikia Novemba marufuku ilikuwa imeanza kuondolewa. Msimu mkuu wa mpunga uliofuata, mavuno yalishuka kwa zaidi ya theluthi moja. Ni kweli kulikuwa na uhaba wa fedha za kigeni nyuma ya uamuzi huo, lakini wakulima waliambiwa ni sayansi.

Mbolea ya asili ina ushahidi, tena wa zamani. Kule kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, shamba la Broadbalk linapandwa ngano tangu mwaka 1843, kipande cha samadi kando ya vipande vya mbolea za chumvi na kipande kisichopewa kitu. Samadi inafanya kazi, hilo halina ubishi. Lakini soma masharti: ni tani 35 kwa hekta kila mwaka, na rutuba ya udongo ilijijenga kwa miongo, si kwa msimu. Nani ana tani 35? Sri Lanka walichukua jibu la jaribio wakaacha kipimo chake na muda wake. Tatizo halikuwa utafiti kutokamilika. Una umri wa karne na nusu na zaidi!

Sasa niwageukie watafiti. Kipande cha majaribio kinapaliliwa na vibarua wanaolipwa, kwa wakati. Mkulima anapalilia akipata nafasi. Mbegu inayoongoza kituoni inakuja shambani inashindwa, mnasema mkulima hakufuata maelekezo. Hapana. Maelekezo yenu ndiyo hayakumjua mkulima.

Mfano mzuri ni Vuta-Sukuma. Watafiti wa ICIPE (kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi) na Rothamsted walitafuta njia ya kuzuia vipekecha shina wa mahindi. Unapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari, harufu yake inawafukuza nondo. Unapanda majani ya tembo pembezoni, yanawavuta. Walipopanda ndipo wakagundua jambo ambalo hawakulitafuta: kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, kilipungua sana. Mizizi ya desmodiamu inatoa kemikali zinazofanya mbegu za kiduha ziote kisha zishindwe kushika mzizi wa mahindi. Wangekaa wanasubiri ukamilifu wa nadharia ya wadudu, hili la kiduha wangelijua lini?

Kwa hiyo niko wapi? Mkulima mwenye akili huanza na pembe ya shamba. Ikifa, amepoteza pembe. Sri Lanka walianza na nchi.

Mleta mada

Nimewasoma wote. Kwenye kura nimesalimu amri, neno "hiari" halikuwa na kazi pale. Na Bwana Shamba ameniongezea maneno badala ya kunipinga: pembe ya shamba ndiyo ninayoitaka.

Kwenye tiba pembe hiyo ipo tayari. Japani walibadilisha sheria, ikaanza kutumika Novemba 2014. Bidhaa ya seli ikionekana salama na yenye dalili ya kufaa, inapewa idhini ya masharti, isiyozidi miaka saba, wagonjwa wanaitumia, ushahidi unakusanywa. Muda ukiisha, ithibitishe au itoke. Kuna ubaya gani?

Mwanamaabara

Kwenye karatasi hakuna. HeartSheet, tabaka za seli za misuli zinazobandikwa kwenye moyo uliochoka, ilipata idhini hiyo mwaka 2015 baada ya jaribio la wagonjwa saba. Saba! Masharti yalikuwa ikusanye wagonjwa, wa kutibiwa na wa kulinganisha, ndani ya muda uliowekwa. Haikuwapata kwa wakati, muda ukaongezwa. Mwaka 2024 jopo la wataalamu lilikataa kuipa idhini kamili, na ikaondolewa. Miaka tisa ya kuuzwa, na jibu likawa kwamba kufaa kwake hakukuthibitika.

Sisemi Japani walidhulumu mtu. Mfumo wao angalau ulimtoa aliyeshindwa. Lakini ukishaanza kuuza kitu, ile hamu ya kutafuta jibu inapoa, na mgonjwa naye hakubali kuwekwa kwenye kundi lisilopewa. Ukitaka pembe ya shamba, hesabu ianze siku ileile ya sindano ya kwanza. Linganisha na seli za konea (ngozi angavu ya mbele ya jicho) za watafiti De Luca na Pellegrini, Italia. Walitibu wagonjwa wawili wa kwanza wakachapisha mwaka 1997, wakaendelea kuwafuatilia mmoja mmoja, wakachapisha matokeo ya 112 mwaka 2010, na Ulaya ikatoa idhini, nayo ya masharti, mwaka 2015. Ni miaka kumi na minane. Unaona ni mingi?

Mleta mada

Naona ni mingi kwa aliyemwagikiwa tindikali mwaka 1998.

Mwanamaabara

Wengi wa hao 112 walitibiwa katika kipindi hichohicho, mkuu. Walipewa mapema. Tofauti ni kwamba walihesabiwa.

Mbishi

Bado mnakwepa. Mwenye ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaomfunga misuli, aliyeambiwa ana miaka miwili au mitatu, mnampa nini? Kamati ya maadili inakutana kila robo mwaka. Wajumbe wake wakichelewa kikao kimoja, hakuna kati yao anayepoteza uwezo wa kumeza. Anayepima hatari awe mwenye hatari.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Mbishi, hapo sina la kukupinga, nimekaa na wagonjwa hao usiku.

Leo jioni nilimsomea shemeji mjadala huu. Nikamuuliza, ungejua unayoyajua sasa, ungedungwa tena? Akasema ndiyo, hata kesho, miezi minne bila maumivu si kitu kidogo. Halafu akaniuliza kama kuna mahali pa kuandika kwamba goti limerudi kuuma, ili wajue. Nikatafuta ile karatasi aliyosaini. Ina nafasi ya jina lake, ya sahihi yake na ya namba ya risiti. Namba ya simu iliyopo ni ya kuweka miadi ya sindano ya pili.